Barafu za mbwa msimu wa jua Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuanzia mwisho wa Desemba mpaka mvua za masika ziingie, wafugaji wa mbwa Nairobi huuliza maswali yale yale. Majibu haya yanamfaa mwenye kimbwa kimoja kwenye fleti ya Kasarani na pia mwenye mbwa wanne wa ulinzi kule Runda. Kuna jambo moja nitakalolirudia bila kuchoka: barafu ya mbwa, yaani supu, omena au tunda lililogandishwa, hutayarishwa kando, kabla chakula cha watu hakijatiwa kitunguu na chumvi. Ukilishika hilo, mengine ni mepesi.

Nairobi si mji wa baridi? Mbwa anahitaji barafu kweli?

Mji wetu uko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku hupoa hata Februari. Mchana ni habari nyingine. Januari mpaka katikati ya Machi joto hufika nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, na nyuzi hizo hupimwa kivulini. Mbwa wako hayuko kivulini. Yuko kwenye kibanda cha mabati, kwenye veranda ya simiti inayotazama magharibi, au kwenye ua wa kabro uliopigwa na jua tangu saa tatu asubuhi. Saa nane mchana weka kiganja chako juu ya kabro hizo uhesabu polepole hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, ujue nyayo zake nazo zinaungua.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, lakini kazi kubwa ya kujipoza hufanywa na ulimi na pumzi: anatweta, unyevu wa mdomoni na kwenye njia ya hewa unageuka mvuke, na joto linatoka nao. Kazi hiyo inakula maji. Barafu inampoza mdomo na kumwongezea maji polepole, na inamshughulisha yule aliyefungiwa mchana kutwa hadi wenye nyumba warudi kutoka kazini.

Hata hivyo, si lazima. Mbwa mwenye kivuli cha kweli na maji safi ataishi vizuri bila kuionja. Anza na hivyo viwili, barafu ije baadaye. Na baridi ya Julai ikiingia, trei ikae kabatini.

Nimeambiwa barafu humvimbisha mbwa tumbo hadi afe. Ni kweli?

Barafu yenyewe haiui. Hofu hiyo imetokana na ugonjwa wa kweli, ule wa tumbo kujaa hewa na kujisokota, ambao huua mbwa kwa saa chache. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kilichoshuka chini, kama German Shepherd na Great Dane. Unahusishwa na umri, ukoo, kula chakula kingi kwa mara moja na kula kwa pupa. Ubaridi wa maji haumo.

Kwa hiyo cha kuangalia ni pupa. Mbwa aliyetoka kukimbia msitu wa Karura apumzike kwanza, anywe maji kidogo kidogo, na barafu impate akishatulia. Ukiona tumbo limevimba ghafla, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, anazunguka hatulii, usisubiri kukuche. Hiyo ni safari ya hospitali dakika hiyo hiyo.

Nianze na barafu gani?

Supu ya mifupa. Sijaona mbwa anayeikataa, na vitu vyake viko kila bucha.

Nunua nusu kilo ya mifupa ya supu ya ng'ombe. Ioshe, itie kwenye sufuria na lita mbili za maji, ichemke kwa moto mdogo kama saa mbili. Usitie chumvi, kitunguu, kitunguu saumu, pilipili wala kiungo cha pakiti. Karoti moja iliyokatwa haina neno. Ikiiva, ichuje vizuri, utoe hata vijipande vidogo vya mfupa, kisha mifupa yote uitupe mahali mbwa hawezi kufukua. Mfupa uliopikwa huvunjika kwa vipande vyenye ncha, na ncha hizo hutoboa utumbo.

Iache supu ipoe, uiweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama sahani nyeupe. Yaondoe yote kwa kijiko, kwa sababu mafuta mengi huwasha kongosho la mbwa, na maumivu yake ni makali. Chini utakuta supu imekuwa jeli inayotikisika. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ichanganye na maji kiasi sawa, imimine kwenye trei ya barafu, igande mpaka kesho yake.

Kama nyumbani mnachemsha nyama kwa chakula cha watu hata hivyo, huhitaji kununua mifupa ya mbwa. Nyama ikishachemka na kabla haijatiwa chumvi wala kukaangwa, chota kikombe kimoja au viwili vya supu yake uweke pembeni. Umemaliza.

Mchuzi uliobaki jana je? Si ni nyama tu?

Hapana. Na hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo kosa la jikoni kwetu. Karibu kila mboga ya Nairobi huanza na kitunguu kwenye mafuta. Mchuzi wa nyama, maharagwe, ndengu, hata sukuma wiki: kitunguu kimeyeyuka humo na huwezi kukitoa kwa kuchuja.

Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Joto la jikoni haliondoi sumu hiyo, wala friza. Kitunguu cha unga kilichomo kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti ni kikali zaidi kwa sababu kimekaushwa. Kinachowapoteza watu ni kwamba mbwa hula leo akaonekana mzima, kisha siku kadhaa baadaye analegea, fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, na hakuna anayekumbuka ule mchuzi. Mbwa mkubwa aliyelamba sahani mara moja huenda asidhurike. Mbwa anayepewa kila siku, kipande kwa kipande, huyo ndiye anayelimbikiza madhara.

Omena inafaa?

Inafaa sana. Wengi tayari huwapikia mbwa ugali kwa omena, kwa hiyo tumbo lao limeshaizoea. Shida zake ni mchanga na chumvi. Imwagie maji ya moto, ikoroge kwa mkono, uache mchanga utulie chini, kisha uiopoe kwa uangalifu. Rudia mpaka maji yawe safi. Ichemshe dakika kumi, uyamwage maji hayo ya kwanza, halafu weka omena tatu au nne kwenye kila kikopo na ujaze maji safi. Ikiganda, utaziona zimelala ndani ya barafu, na mbwa atailamba kwa subira ambayo hukuwahi kumwona nayo.

Harufu yake itaingia kwenye friza yote. Tumia chombo chenye kifuniko kinachobana.

Matunda gani ni salama?

Tikitimaji ndilo la kwanza: ni maji matupu karibu yote, na Februari limejaa kila kibanda cha matunda. Toa mbegu na ganda, saga au ponda kwa uma, gandisha. Papai lisilo na mbegu, embe lisilo na kokwa wala ganda, ndizi mbivu, tufaa lisilo na mbegu, stroberi na nanasi kidogo navyo ni sawa. Kokwa ya embe humkwama mbwa kwenye utumbo hadi apasuliwe, kwa hiyo usimwachie "ailambe tu".

Mboga mara nyingi ni bora kuliko matunda kwa mbwa mnene: karoti, tango, mishiri iliyochemshwa, malenge au kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa. Malenge yaliyochanganywa na ile supu hutengeneza barafu laini isiyo ngumu kwa meno.

Usitie sukari wala asali. Juisi ya pakiti pia iache.

Na siagi ya karanga? Naona kila mtu huitumia.

Mbwa wanaipenda, nami siikatai, ila kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kufungua mkebe.

La kwanza ni kibandiko. Baadhi ya siagi za karanga zisizo na sukari hutiwa zailitoli, kitu cha utamu kinachotumiwa badala ya sukari, ambayo kwenye vibandiko huandikwa xylitol au E967. Kwa mtu haina madhara makubwa. Kwa mbwa hushusha sukari ya damu ndani ya saa moja hivi, na inaweza kuua ini. Ukiona jina hilo, rudisha mkebe kwenye rafu. Peremende na chingamu nyingi zisizo na sukari zina kitu hicho hicho.

La pili linatuhusu sisi zaidi: karanga zenyewe. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hushika ukungu unaotoa sumukuvu ya aflatoksini. Kenya tunaijua sumu hii kwa uchungu. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Ini la mbwa huharibika kwa sumu ile ile. Moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi na kugandisha hakuipunguzi hata kidogo. Kwa hiyo karanga zilizokunjamana, zenye vumbi la kijani au ladha ya uchungu, usimsagie mbwa kwa hoja kwamba "si za watu". Unga wa ugali uliooza ni vivyo hivyo. Kama hungeweka mdomoni mwako, usiweke kwenye bakuli lake.

Kiasi? Kijiko kimoja cha mezani kina kama kalori 95. Kijiko cha chai kilichokorogwa kwenye trei nzima kinatosha kutoa harufu, na harufu ndiyo anayoitaka.

Maziwa, mala, aiskrimu ya dukani?

Mbwa wengi waliokomaa hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na utaona majibu yake kwenye nyasi. Mala isiyotiwa sukari huvumilika zaidi kwa sababu uchachu umekula sehemu ya sukari hiyo. Jaribu kijiko kimoja, usubiri siku moja. Yogati iwe nyeupe, isiyo na ladha wala utamu. Aiskrimu ya watu ina sukari na mafuta mengi, na nyingine ina chokoleti au zabibu kavu, usimpe.

Nipe orodha ya vitu vya kukataa kabisa.

Chokoleti na kakao, zabibu mbichi na kavu, kitunguu cha kila aina, zailitoli, pombe, kahawa, majani ya chai, na unga uliokandwa kwa hamira ambao haujapikwa.

Makadamia yasahaulike pia. Sasa yanapandwa Murang'a, Embu na Meru, na yanauzwa kwenye pakiti mjini kama karanga za kawaida. Mbwa aliyekula hulegea miguu ya nyuma, hutetemeka na kutapika, mara nyingi ndani ya saa 12.

Ukwaju unastahili onyo lake peke yake, kwa kuwa juisi yake hugandishwa majumbani, na barafu yake hudondoka sakafuni. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama Marekani walieleza kwamba asidi ya tartariki ndiyo inayoelekea kuwa chanzo cha zabibu kuharibu figo za mbwa. Ukwaju una asidi hiyo hiyo kwa wingi. Usimpe hata tone la kuonja.

Miraa na muguka vina kichocheo kinachopandisha mapigo ya moyo na joto la mwili. Kama mlinzi wa geti hutafuna, mwombe kwa heshima asitupe mabaki pale mbwa anapolala. Avokado siiweki pamoja na sumu, ila ina mafuta mengi na kokwa yake humkaba mbwa, hivyo haina nafasi kwenye barafu.

Niigandishe kwenye chombo gani, na kipande kiwe na ukubwa gani?

Trei ya kawaida ya barafu inamtosha mbwa mdogo. Kwa mbwa mkubwa, kipande kidogo ni hatari, maana hukimeza kizima. Tumia kikopo cha yogati kilichooshwa, kikombe au bakuli dogo, umpe donge ambalo haliingii lote mdomoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017 zile barafu za kufungwa kwenye nailoni zimepungua. Kwa mbwa hilo ni jema, kwani wengine walikuwa wakiimeza pamoja na nailoni yenyewe. Kijiti cha mbao usichomeke, atakitafuna.

Kuhusu meno: friza ya nyumbani hugandisha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na donge lililotoka sasa hivi ni gumu la kutosha kupasua jino. Yale makubwa ya nyuma, ya juu, ndiyo huvunjika. Liweke mezani dakika tano hadi kumi mpaka uso wake uanze kung'aa maji, ndipo umpe. Ukisikia anakwaruza kwa ulimi, sawa. Ukisikia anavunja kwa kishindo, siku nyingine msagie au umpe laini kama ile ya malenge.

Kwa siku nimpe ngapi?

Vitafunio vyote vya siku, barafu ikiwemo, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Mbwa wa kilo 10 anayetembea kawaida huhitaji takriban kalori 500 hadi 600 kwa siku, kwa hiyo vitafunio vyake ni kalori 50 au 60. Ndizi moja ya wastani ina kama 105. Unaona jinsi inavyojaa haraka? Supu iliyotolewa mafuta na tikitimaji ndivyo vinavyokuruhusu kuwa mkarimu. Kwa mbwa huyo, vipande viwili vya trei mchana vinatosha. Siku ya kwanza mpe kimoja uangalie choo chake.

Sina friji. Au ninayo, lakini stima haitabiriki.

Bila friji bado una mengi ya kufanya. Maji ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hupoa yenyewe. Gunia lililoloweshwa na kutandikwa chini ya mti humpa mahali pa kulalia tumbo lake likiwa baridi. Litandike chini tu, usimfunike nalo, kwa sababu kitambaa kibichi juu ya manyoya huzuia joto kutoka. Kipande cha tikitimaji kilichokaa kwenye maji baridi kinamfurahisha sawasawa na barafu. Barafu ya wauza samaki usiinunue, haikutengenezwa iliwe.

Stima ikikatika, usifungue friza. Iliyojaa hubaki baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Barafu ya supu au omena iliyoyeyuka na kupata joto usiigandishe tena, kwani bakteria walishaongezeka, na baridi huwalaza tu, haiwaui. Itupe. Ya maji na karoti haina wasiwasi huo.

Naweza kugandisha nyama mbichi, maini au matumbo?

Chemsha kwanza. Maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ya hidatidi. Mbwa akiyala hupata minyoo hiyo, na mayai yake hutoka kwenye kinyesi na kuwafikia watoto wanaocheza naye. Turkana imeteseka na ugonjwa huu kwa miaka mingi, na mifugo ya maeneo ya wafugaji huchinjwa Nairobi pia. Maini yaliyochemshwa yawe kipande kidogo mara moja kwa wiki, kwa kuwa vitamini A ikizidi huharibu mifupa.

Kimbwa kidogo, mbwa mzee, mbwa mgonjwa?

Kimbwa anayebadilisha meno, kati ya miezi minne na sita hivi, hupata nafuu ya fizi kwa karoti nzima iliyowekwa kwenye friza. Mpe mbele yako, na ichukue ikibaki kijipande. Aliye chini ya miezi miwili asipewe barafu.

Mzee mwenye meno mabovu mpe iliyosagwa. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au wa kongosho, muulize kwanza daktari wake wa mifugo, hata kwa tunda.

Mbwa wa pua fupi, kama Pug, Bulldog na Pekingese, wanahitaji jicho la ziada. Njia yao ya hewa ni finyu, kwa hiyo kutweta hakuwasaidii kama wenzao. Wape kilichosagwa kwenye sahani pana, na saa sita hadi saa tisa wakae ndani.

Nina mbwa wawili na wanapigania barafu.

Kila mmoja na lake, wakati mmoja, sehemu mbili zisizoonana. Kaa hapo mpaka wamalize. Mbwa wa ulinzi wapewe na mtu wanayemzoea, wakishafungiwa, kwa sababu anayelinda chakula anaweza kumng'ata hata anayemlisha kila siku.

Barafu inaweza kumtibu mbwa aliyezidiwa na joto?

Hapana. Tafadhali lisome jibu hili kabla hujalihitaji.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Likipita 40 yuko hatarini, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Utamwona anatweta bila kupumzika, mate mazito yananing'inia, fizi nyekundu mno kisha zinapauka, anayumba, anatapika au kuharisha, halafu anaanguka. Hutokea ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwenye kibanda cha mabati kisicho na hewa, na kwa mbwa aliyekimbizwa saa saba mchana.

Mpoze kwanza, kisha umsafirishe. Mhamishe kivulini, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumbo, mapaja na shingo, huku mtu mwingine akimpepea. Maji ya bomba yanatosha. Ila angalia: kama tangi lako ni jeusi na liko juu ya paa, maji ya kwanza kutoka kwenye mpira uliolala juani yanaweza kukuunguza mkono. Yaache yatiririke chini mpaka yapoe, ndipo umwelekezee yeye. Usimlazimishe kunywa na usimtie barafu mdomoni. Aliyelegea huvuta maji mapafuni. Mkimaliza kumlowesha, mpelekeni kwa daktari madirisha yakiwa wazi, hata kama ameanza kusimama, maana figo na ini huweza kuharibika baadaye. Namba ya daktari wa karibu iandike leo na uibandike kwenye mlango wa friji. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Upper Kabete, ukiwa upande huo wa mji.

Inakaa muda gani kwenye friza? Watoto wakiila?

Ya supu na omena mwezi mmoja, ya matunda miezi miwili. Andika tarehe na neno MBWA kwa herufi kubwa juu ya chombo. Mtoto akiila barafu ya tikitimaji hadhuriki, lakini trei iliyolambwa na mbwa irudi friza ikiwa imeoshwa kwa maji moto na sabuni, na mtoto anawe mikono baada ya kumlisha.

Mbwa koko wanaolala nje ya geti letu, naweza kuwapa?

Unaweza, na jua lile ni la wote. Kinachowafaa zaidi ni maji: karai pana kivulini, na donge moja kubwa la barafu ndani yake ili maji yakae baridi mpaka alasiri. Maji hayo yabadilishe kila siku yasizae mbu. Weka karai na urudi nyuma. Usimlishe mkononi mbwa usiyemjua, na watoto wasimkaribie akiwa anakula.

Ukimwona mmoja anayetokwa na mate mengi, taya limelegea, anashindwa kumeza maji aliyoyasogelea, au amebadilika tabia ghafla, usidhani ni joto tu. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho Kenya imepanga kukimaliza kwa binadamu ifikapo 2030 na bado hatujafika. Usimguse wala usijaribu kumfungua mdomo. Waondoe watu hapo, umwite afisa wa mifugo wa kaunti au KSPCA, shirika la kutunza wanyama lililoko Karen. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama ni mkwaruzo mdogo.